Kompyuta ndogo isiyo na feni kuwa ruta ya nyumbani: kuichagua, kuikagua na kuiunganisha

Ruta nyingi zinazokuja na huduma ya intaneti hutengenezwa kwa gharama ndogo kadiri inavyowezekana. Zinafanya kazi, mpaka vifaa vinapozidi nyumbani. Hapo mtandao unaanza kusuasua jioni, unazima na kuwasha, unarudi, kesho yake hali ni ileile. Masasisho ya usalama nayo yanakoma miaka michache baada ya kununua, na hakuna anayekuarifu.

Njia moja ya kutoka hapo ni kununua kompyuta ndogo isiyo na feni, kasha la alumini la ukubwa wa kitabu lenye poti kadhaa za mtandao, na kuiwekea programu ya ruta kama OPNsense, pfSense au OpenWrt. Haina kinachozunguka ndani, hivyo haina kelele, hainyonyi vumbi, na hakuna feni ya kufa usiku wa manane. Inawaka saa 24, mwaka mzima.

Msimamo wangu niutaje mapema: kwenye mashine ya kazi hii, prosesa ni jambo la tatu. La kwanza ni jinsi joto linavyotoka ndani ya kasha, la pili ni chipu zinazoendesha poti za mtandao. Wauzaji huanza na prosesa kwa sababu jina lake linapendeza kwenye tangazo. Wewe anza na hayo mengine mawili.

Pima mahitaji kabla ya kutazama bidhaa

Andika kasi ya intaneti unayolipia, na ile unayotarajia kulipia miaka mitatu ijayo. Kama ni megabiti 100 au 300 kwa sekunde, karibu kila mashine iliyotengenezwa ndani ya miaka kumi iliyopita inatosha. Kama ni gigabiti moja, tafuta poti za gigabiti 2.5, maana siku hizi ndizo zilizojaa kwenye mashine za aina hii na hazina hasara yoyote.

Poti mbili ndicho kiwango cha chini: moja ya kuelekea kwa mtoa huduma, moja ya kuelekea ndani. Poti nne ni starehe. Kuna wanaozitaka ili wachomeke kompyuta na televisheni moja kwa moja, kisha waziunganishe poti hizo kwa programu zifanye kazi kama swichi, kile kifaa cha kugawa mtandao wa waya kwa vifaa vingi. Inawezekana, lakini unaibebesha prosesa kazi ambayo swichi ya kawaida inaifanya kwa chipu maalumu bila kutoka jasho. Poti za ziada zina matumizi bora: mtandao wa wageni ulio kando kabisa, mtoa huduma wa pili wa akiba, au poti ya dharura ya kuingilia kwenye mashine ukiwa umejifungia nje kwa makosa ya mipangilio.

Vifaa vya USB vya kuongeza poti ya mtandao visikushawishi. Kwa kompyuta ya mkononi havina neno. Kwa ruta inayotakiwa kuwa hewani miezi mingi bila kuguswa, USB ni kiungo dhaifu.

Joto: hapa ndipo mashine nzuri na mbovu zinapoachana

Mashine isiyo na feni haina njia nyingine ya kutoa joto isipokuwa kasha lake. Prosesa inagusa kipande cha shaba au alumini, kipande hicho kinagusa kasha, na mapezi ya juu ya kasha yanamwaga joto hewani. Kila mahali metali inapokutana na metali panahitaji pesti ya kupitisha joto au kipande laini cha kuziba nafasi. Mnyororo huu ukikatika sehemu moja, hata kwa nafasi isiyozidi unene wa karatasi, joto linabaki ndani.

Ndiyo maana mashine mbili zenye prosesa ileile zinaweza kupishana nyuzi ishirini za Selsiasi zikifanya kazi ileile. Moja imetengenezewa kipande cha shaba kilichosawazishwa vizuri. Nyingine ina kipande kifupi ambacho kiwanda kimekifidia kwa rundo la pesti.

Ukiwa bado unatafuta, angalia picha za ndani. Uzito ni dalili nzuri pia: kasha jepesi lina metali kidogo, na metali kidogo haibebi joto la muda mrefu. Mapezi marefu yaliyo wazi kwa juu ni bora kuliko kasha laini lenye sura ya kupendeza. Na kuwa mwangalifu na mashine ambazo watengenezaji wamezichomekea prosesa yenye nguvu kubwa, yenye kiini nane au kumi, ndani ya kasha lilelile la prosesa ya wati 6. Zitawaka, ndiyo. Ila zikipata kazi nzito zitajipunguza kasi zenyewe, na utakuwa umelipia nguvu usiyoipata.

Tahadhari ya pekee iende kwa poti za gigabiti 10. Moduli za SFP+ (vipande vidogo vinavyochomekwa kwenye poti hizo) za waya wa shaba huwa za moto kweli, na kasha lisilo na feni linashindwa nazo. Kama kweli unahitaji kasi hiyo, tumia nyaya fupi za DAC, ambazo moduli zake zimeungwa moja kwa moja kwenye waya, au nyuzi za mwanga.

Chipu za mtandao

Uliza, au soma kwenye maelezo, chipu ya kila poti ni ipi. Jibu la "poti nne za gigabiti 2.5" halitoshi.

Kwa mashine zenye poti za gigabiti 1, Intel i210 na i211 ni za kuaminika, zimekaa sokoni muda mrefu na kila mfumo unazielewa. Kwa gigabiti 2.5, tafuta Intel i226-V. Iliyoitangulia, i225-V, ilitoka na hitilafu kwenye matoleo yake ya mwanzo: nafasi kati ya pakiti moja na nyingine haikuwa sawa, na ikikutana na baadhi ya vifaa ilipoteza pakiti na kasi ikaporomoka. Matoleo ya baadaye yalirekebishwa, lakini kwenye mashine iliyotumika ni vigumu kujua umepata lipi bila kuifungua. Kwa hiyo i226-V, na suala limeisha.

Realtek RTL8125 si chipu mbaya. Kwenye Linux, yaani OpenWrt au IPFire, inafanya kazi vizuri. Tatizo lake ni FreeBSD, mfumo ulio chini ya OPNsense na pfSense, ambako draiva za Realtek zimekuwa na sifa ya kusumbua kwa miaka mingi. OPNsense ina programu-jalizi ya draiva ya mtengenezaji na inasaidia, lakini kwa nini uanze safari na kiraka? Amua mfumo kwanza, kisha chagua chipu inayoupenda.

Prosesa, RAM na diski

Sasa prosesa, na nitapita haraka. Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, ndiyo chaguo la kawaida: kiini nne, wati 6 kwenye karatasi, nguvu ya kutosha kupitisha gigabiti 2.5 kwa matumizi ya nyumbani. N5105 na J4125 ni za zamani kidogo lakini bado zinafaa kwa gigabiti moja. N150 ni mrithi wa N100, tofauti yao ni ndogo. Ziepuke J1900 na za umri wake. Ni za mwaka 2013, hazina AES-NI, yaani uwezo wa kufanya usimbaji wa AES ndani ya prosesa yenyewe, na VPN (njia salama ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani ukiwa mbali) za aina ya OpenVPN au IPsec zitazielemea. WireGuard, aina nyingine ya VPN, haitegemei AES, lakini hata hivyo prosesa hizo zimechoka.

RAM ya gigabaiti 8 inatosha na kubaki. Kumbuka kwamba N100 inapokea DDR4 au DDR5 kutegemea ubao, na moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine, basi soma maelezo kabla ya kuagiza. Diski ya SSD ya gigabaiti 64 au 128 ni nyingi kuliko utakavyohitaji. Nunua ya kampuni inayojulikana, kwa sababu kumbukumbu za matukio zinaandikwa muda wote na diski za bei ya kutupa huchakaa mapema. Kwa sababu hiyohiyo sipendi mashine zenye eMMC, yaani hifadhi iliyolehemiwa kwenye ubao: ikichakaa, huna cha kubadilisha.

Mashine nyingi huuzwa tupu, bila RAM wala diski. Nunua hivyo ukiweza, kisha utie vifaa unavyovijua. Ikija na mfumo tayari ndani, uwe Windows au hata programu ya ruta, ufute wote. Hujui nani aliuweka wala aliweka na nini kingine. Ruta ndiyo mlango wa nyumba, na mlango huufungi kwa kufuli ambayo mtu mwingine ana ufunguo wake.

Kuhusu umeme: wati 6 za N100 ni za prosesa peke yake. Ukipima ukutani, mashine nzima yenye poti nne mara nyingi inakula wati 8 hadi 15. Tuseme 10. Kwa mwaka hiyo ni takriban uniti 88. Kompyuta ya mezani ya zamani inayokula wati 60, ambayo wengi hufikiria kuigeuza ruta kwa kuwa ipo bure stoo, itakula uniti zaidi ya 520 kwa mwaka huohuo. Ya bure inaweza kuwa ghali.

Ikifika: ifungue na uitese kwanza

Usiisakinishie kitu siku ya kwanza. Chukua bisibisi, fungua kifuniko cha chini, utie RAM na diski. Kama kasha lako linaruhusu, toa skrubu zinazoushika ubao na uuinue taratibu uone mahali prosesa inapokutana na kasha.

Unachokitafuta ni alama ya pesti. Ikiwa imetandazwa kwa wembamba kufunika uso wote wa prosesa, na alama hiyohiyo ipo upande wa pili, mgusano ni mzuri. Ikiwa katikati kuna duara kavu, au pesti imebaki kama kilima ambacho hakijabanwa, basi kipande cha shaba hakifiki. Safisha kwa pombe ya kusafishia vifaa vya umeme na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka pesti mpya ya ukubwa wa punje ya mchele, kisha kaza skrubu kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo, kona moja kisha ya mkabala wake. Kama nafasi ni kubwa mno, pesti haitaiziba. Hapo panahitajika bamba jembamba la shaba, au urudishe mashine kwa muuzaji. Mimi ningeirudisha.

Diski ya NVMe, ile SSD ya kasi inayochomekwa kwenye ubao, nayo inapata joto. Kama kifuniko cha chini kina nafasi, weka kipande laini cha kupitisha joto kati ya diski na kifuniko.

Sasa itese. Tengeneza flashi yenye Memtest86+ na uiache ichunguze RAM usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuikataa RAM hiyo. Ruta yenye RAM mbovu hukupa matatizo ya ajabu yasiyo na mpangilio, na utawalaumu watoa huduma bure. Asubuhi, washa Linux kutoka kwenye flashi nyingine na uendeshe:

stress-ng --cpu 4 --timeout 60m

Kwenye dirisha jingine tazama joto kwa amri ya sensors. N100 inaruhusiwa kufika nyuzi 105, lakini huko hutaki kufika. Baada ya saa nzima ya kazi nzito, chini ya 80 ni vizuri sana, kati ya 80 na 90 inavumilika kwa kuwa ruta ya nyumbani haifanyi kazi hiyo hata kwa dakika tano mfululizo. Ikivuka 90, rudi kwenye pesti. Bila kazi yoyote, nyuzi 40 hadi 55 ni za kawaida, na kasha kuwa vuguvugu mkononi ni dalili njema: joto linatoka. Kasha la baridi lenye prosesa ya nyuzi 90 ndilo la kuogopa.

Mipangilio ya BIOS

BIOS ni mipangilio ya msingi ya mashine yenyewe, kabla ya mfumo wowote kuanza. Bonyeza Del au F2 mashine inapowaka. Mambo ya kubadilisha ni machache.

La muhimu kuliko yote ni mashine kujiwasha umeme unaporudi. Kwenye BIOS nyingi za mashine hizi utakuta mstari unaoitwa "State After G3", uweke "S0". Kwingine huitwa "Restore on AC Power Loss", uweke "Power On". Usipofanya hivyo, umeme ukikatika na kurudi ukiwa safarini, nyumba nzima itabaki bila mtandao mpaka mtu abonyeze kitufe. Jaribu papo hapo: chomoa waya wa umeme, hesabu hadi kumi, rudisha, uone kama inawaka yenyewe.

Zima Secure Boot, kinga inayokubali mifumo yenye saini inayotambuliwa tu, kwa sababu OPNsense na pfSense hazianzi ikiwa imewashwa. Zima sauti, Bluetooth na kadi ya Wi-Fi ya ndani kama ipo. Angalia pia viwango vya nguvu vinavyoitwa PL1 na PL2: watengenezaji wengine huviinua kupita uwezo wa kasha ili mashine ionekane ya kasi. Ukishusha PL1 ikaribie wati 6 au 10, joto linashuka na kwa kazi ya ruta hutaona tofauti. Ukiwa na i226-V na poti ikawa inakatika yenyewe mara kwa mara, zima ASPM, ule mpango wa kuokoa umeme kwenye njia za PCIe.

Rekebisha saa na tarehe. Tarehe ikijirudisha nyuma kila unapochomoa umeme, betri ya CMOS, ile ndogo ya kwenye ubao inayotunza saa, imekwisha.

Kusakinisha

Nitatumia OPNsense kama mfano. Ilizaliwa mwaka 2015 kutoka kwa pfSense, ni huru, na inasasishwa mara kwa mara. OpenWrt ni nyepesi zaidi na ni nzuri kwa wenye chipu za Realtek. Wengine watakwambia uanze na Proxmox ili ruta iwe mashine pepe na mashine moja ifanye mengi. Wazo zuri, siku nyingine. Ukiizima Proxmox kuifanyia matengenezo, intaneti inazima nayo, na intaneti ndiyo unayoitegemea kutafuta suluhisho.

1. Pakua faili ya aina ya "vga" kama utatumia skrini na kibodi. Hakikisha jumla yake ya SHA-256, ile namba ndefu ya kuthibitisha kwamba faili haijabadilika, inalingana na iliyochapishwa na mradi. Fungua mbano wa faili, kisha uiandike kwenye flashi kwa Rufus, balenaEtcher au dd.

2. Chomeka flashi, skrini na kibodi. Nyaya za mtandao ziache kwanza. Washa, chagua flashi kwenye orodha ya kuanzia, ambayo hufunguliwa kwa F7 au F11 kwenye mashine nyingi.

3. Mfumo utawaka kutoka kwenye flashi. Ingia kwa jina "installer" na nywila "opnsense". Kwenye muundo wa kuhifadhi faili, chagua ZFS hata kwa diski moja, kwa sababu inastahimili kukatika kwa umeme kuliko UFS. Weka nywila ya msimamizi, ndefu, iandike mahali salama. Maliza, chomoa flashi, acha iwake upya.

4. Sasa kuzitambua poti. Maandishi ya ETH0 au ETH1 kwenye kasha hayalingani sikuzote na majina ambayo mfumo unazipa, igc0, igc1 na kuendelea. Kwenye menyu ya skrini chagua namba 1. Utaulizwa kuhusu LAGG (kuunganisha poti kadhaa ziwe moja) na VLAN (kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa iliyotengana). Jibu hapana kwa zote mbili. Likija swali la poti ya WAN, ya kuelekea kwa mtoa huduma, andika herufi "a", chomeka waya kwenye poti unayoitaka, na mfumo utaitambua kwa kuona kiungo kimewaka. Fanya vivyo hivyo kwa LAN, ya kuelekea ndani. Kisha bandika vipande vya karatasi vyenye majina kwenye kasha. Siku ya tatizo utakuwa unafanya kazi kwa tochi.

5. Chagua namba 2 na ubadilishe anwani ya LAN. Ya mwanzo ni 192.168.1.1, ambayo ndiyo pia ya modemu nyingi, na mbili zikigongana hakuna kitakachopita. Weka kitu kisicho cha kawaida, mfano 10.37.5.1/24. Kuna faida nyingine: ukija kuunganisha nyumbani kwa VPN kutoka kwenye mtandao wa mtu mwingine, anwani hazitagongana na za kwake.

6. Unganisha kompyuta ya mkononi kwenye poti ya LAN, fungua kivinjari kwenye https pamoja na anwani hiyo. Onyo la cheti utalipata na hapa ni la kawaida. Fuata mchawi wa mipangilio, kisha sasisha mfumo mara tu WAN itakapopata intaneti.

Kubadilisha ruta bila kuikasirisha nyumba

Usiichomoe ruta ya zamani kwanza. Chomeka WAN ya mashine mpya kwenye poti mojawapo ya ruta ya zamani, uipangie kila kitu hapo, uitumie wewe peke yako kwa siku kadhaa. Itakuwa nyuma ya tafsiri mbili za anwani, jambo lisilodhuru kwa majaribio. Ukiridhika ndipo uhamie.

Siku ya kuhama, jua mtoa huduma anakupa intaneti kwa njia gani. Kama ni DHCP, yaani anwani inagawiwa yenyewe, kazi ni ndogo. Kama ni PPPoE, yaani ruta inajitambulisha kwanza kwa mtoa huduma, utahitaji jina na nywila. Viombe mapema, si wakati nyaya ziko mikononi. Wengine wanataka namba ya VLAN kwenye WAN. Modemu yenyewe iwekwe kwenye hali ya daraja ili anwani ya nje itue kwenye mashine yako. Modemu zikizoea kifaa kimoja huendelea kukumbuka anwani yake ya MAC. Ukibadilisha na intaneti ikakataa, zima modemu dakika kadhaa na uiwashe mashine mpya ikiwa imeshachomekwa.

Ikishapata intaneti, tazama anwani ya WAN. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, uko kwenye CGNAT: mtoa huduma anagawa anwani moja kwa wateja wengi. Kuvinjari hakuathiriki, ila hakuna muunganisho unaoweza kuingia kwako kutoka nje kwa IPv4. Omba anwani ya umma, au utumie IPv6.

Wenye PPPoE na gigabiti kamili wajue pia kwamba kwenye FreeBSD kazi ya kupokea pakiti za PPPoE huangukia kiini kimoja cha prosesa. Hapo N100 inaonyesha tofauti yake na J4125.

Wi-Fi

Kadi za Wi-Fi za ndani ya mashine hizi hazifai, na FreeBSD ndiyo inazidi kuzikwamisha. Ile ruta ya zamani itumie kama kituo cha Wi-Fi: zima DHCP yake, ipe anwani isiyotumika ndani ya mtandao mpya, mfano 10.37.5.2, na uichomeke kwa poti ya LAN, si ya WAN. Basi.

Foleni

Hapa ndipo watu wa nyumbani wanapoona faida kwa macho yao. Mtu mmoja akipakia video, simu za wengine zinaanza kukatika sauti, ingawa kipimo cha kasi kinasema intaneti ni nzuri. Sababu ni foleni: pakiti zinarundikana ndani ya modemu, na pakiti ndogo ya simu inasubiri nyuma ya mlima wa video.

Pima tatizo hilo kwanza. Fungua dirisha moja uendeshe ping, amri inayopima muda wa pakiti kwenda na kurudi, kwenda 1.1.1.1, na kwenye jingine uanze kupakia faili kubwa. Ping ikiruka kutoka milisekunde 20 hadi 300, foleni ipo. Dawa ni kuhamishia foleni kwenye mashine yako, ambayo inajua kuigawa kwa haki. Kwenye OPNsense tengeneza mabomba mawili kwenye sehemu ya Shaper, moja la kupakua na moja la kupakia, yenye mpangilio wa FQ-CoDel, na kila moja ulipe asilimia 90 hivi ya kasi halisi uliyoipima. Elekeza kila bomba kwa kanuni yake kwenye WAN, rudia kipimo. Ping ikibaki karibu na ilipokuwa, umefaulu; isipobaki, punguza kwa asilimia 5 na ujaribu tena. Kwenye OpenWrt, CAKE inafanya kazi hiyohiyo kwa mipangilio michache zaidi.

Yanayofuata, kwa mpangilio wa umuhimu

Unbound, kijibu cha DNS (kinachogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) kilichomo ndani, kina orodha za kuzuia matangazo na tovuti za ulaghai. Washa orodha moja au mbili zenye sifa, si kumi. Orodha nyingi zitavunja programu za benki na utatafuta mchawi usiku kucha.

VLAN zinahitaji swichi inayozielewa. Tenga kamera, televisheni na vifaa vingine vya nyumbani kwenye mtandao wao, na kanuni ya kwanza iwe kuvizuia visifikie kompyuta zenu.

WireGuard inakuwezesha kuingia nyumbani ukiwa mbali. Fungua UDP 51820 kwenye WAN na hiyo tu. Ukurasa wa mipangilio ya ruta usiufungulie nje kamwe.

Suricata na mifumo ya kunusa uvamizi, iache. Sehemu kubwa ya trafiki siku hizi imesimbwa, hivyo mifumo hiyo huona bahasha bila barua, huku ikila prosesa na kukuletea maonyo usiyojua uyafanyie nini.

Kuitunza

Iweke mahali penye hewa, mapezi yakitazama juu au ikisimama wima. Isikae juu ya modemu, wala ndani ya droo. Mashine nyingi za aina hii hutumia volti 12, hivyo UPS ndogo ya volti 12 inaweza kuilisha moja kwa moja. Linganisha kwanza volti, ampia na ukubwa wa plagi ya duara, kwa sababu 5.5 kwa milimita 2.1 na 5.5 kwa 2.5 zinafanana sana kwa macho. Modemu nayo ipate UPS, vinginevyo utakuwa na ruta hai isiyo na pa kwenda.

Kila unapobadilisha mipangilio, pakua faili ya config.xml kwenye sehemu ya Backups. Kabla ya sasisho kubwa, piga picha ya mfumo kwa ZFS. Sasisho likiharibika unarudi nyuma kwa kuwasha upya.

Mwisho, tengeneza flashi ya pili yenye muundo wa FAT, uunde folda inayoitwa conf, na uweke config.xml humo. Kisakinishi cha OPNsense kinaweza kuisoma na kurudisha mipangilio yako yote kwenye diski mpya. Jaribu zoezi hilo mara moja ukiwa na diski ya ziada na mchana wa nafasi, kisha uzifunge flashi zote mbili kwa mpira pamoja na karatasi yenye jina na nywila ya PPPoE, na uziweke panapofikika hata kwa mtu mwingine wa nyumbani.